Nashville hadi Durham, nyuma ya makaratasi ya Georgescu-Roegen

Jumapili, Nashville

Watu huja Nashville kwa ajili ya muziki. Pale Broadway magitaa yanaanza kulia kabla jua halijapanda vizuri, na watalii waliovaa kofia za wachunga ng'ombe wamejaa kando ya barabara utadhani kila mlango una harusi. Mimi nimemfuata mwalimu wa uchumi ambaye ni marehemu.

Anaitwa Nicholas Georgescu-Roegen. Ni Mromania aliyefundisha Chuo Kikuu cha Vanderbilt kuanzia 1949 mpaka alipostaafu mwaka 1976, akaendelea kuishi mji huu huu hadi alipofariki tarehe 30 Oktoba 1994, akiwa na miaka 88. Wachumi vijana wengi hawamjui kabisa. Watu wa mazingira wanamjua kwa neno moja, entropia, yaani kipimo cha jinsi nishati inavyotawanyika isifae tena kwa kazi, na wakishalitaja wanaona wamemmaliza. Mimi nilimjua kwa mlango mwingine: makala yake ya mwaka 1960 kuhusu uchumi wa wakulima wadogo, ambayo mwalimu wetu chuoni alitugawia kwa fotokopi iliyofifia kiasi kwamba alama za hesabu ilibidi uzikisie. Nimezaliwa Urambo, mkoani Tabora, kwenye nyumba ya mkulima wa tumbaku. Niliposoma ile makala niliona mtu anaongea habari za nyumbani, wakati yeye alikuwa anaongea habari za Romania.

Kesho naenda Vanderbilt kuona alikofundishia. Keshokutwa naanza safari ya kwenda Durham, Carolina Kaskazini, maana makaratasi yake yako huko, kwenye maktaba ya Rubenstein ya Chuo Kikuu cha Duke. Usafiri umepatikana kwa njia ya jamaa: kuna mzee mmoja wa Uvira, aliyekaa miaka mingi kambi ya Nyarugusu kule Kasulu kabla ya kuletwa Marekani. Anakwenda Greensboro kwa dada yake, naye ameona aongeze saa moja anifikishe mwisho. Kwenye simu alikataa katakata habari ya mchango wa mafuta.

Jumatatu, Vanderbilt

Chuo chenyewe ni bustani. Miti mingi ina vibao vya majina, na kindi wanapita miguuni kwa watu bila wasiwasi. Idara ya uchumi iko jengo la Calhoun, jengo la kawaida tu, halina picha ya Georgescu-Roegen mahali nilipopita. Nilikaa kwenye benchi nje, nikapanga maisha yake upya kichwani ili nikifika Durham nijue ninachotafuta.

Alizaliwa 1906 Constanța, bandari ya Bahari Nyeusi. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi, akafariki mtoto akiwa bado mdogo. Mama alikuwa mwalimu wa ushonaji. Hesabu ndiyo iliyomtoa. Alisoma Bucharest, kisha Paris ambako alipata udaktari wa takwimu mwaka 1930, kisha London kwa Karl Pearson, mmoja wa waliojenga takwimu za kisasa. Mwaka 1934 alifika Harvard kwa ufadhili wa Rockefeller. Hapo mchumi Joseph Schumpeter alimwona, akamvuta kwenye uchumi. Kufikia 1936 alikuwa amechapisha makala za nadharia ya mlaji ambazo wenye fani bado wanazitaja. Angeweza kubaki Harvard. Akarudi Romania.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu wanaomwandika huiruka haraka sehemu hii. Alirudi kwenye nchi ya wakulima. Wengi wa Waromania wakati ule waliishi vijijini, kwenye mashamba madogo, na siasa za nchi zilikuwa siasa za ardhi. Aliingia chama cha wakulima, National Peasants' Party. Mwaka 1944 Romania ilipobadili upande katikati ya vita, yeye alikuwa katibu mkuu wa tume ya Romania ya makubaliano ya kusitisha mapigano, akikabiliana uso kwa uso na maafisa wa Kisovieti. Aliona kwa macho yake nchi ikinyooshwa kwa nadharia iliyotengenezwa mahali pengine. Wakomunisti waliposhika hatamu, jina lake likawa hatari. Februari 1948 yeye na mkewe Otilia walitoroka wakiwa wamejificha ndani ya mapipa kwenye meli ya mizigo iliyokwenda Uturuki. Profesa wa takwimu, zaidi ya miaka arobaini, amekunjwa ndani ya pipa.

Kutoka Istanbul alifika tena Harvard, akafanya kazi kidogo na kundi la mchumi Wassily Leontief, kisha Vanderbilt wakampa ajira ya kudumu. Watu hushangaa kwa nini aliacha Harvard akaja Kusini, eneo lililokuwa maskini kuliko mengine yote ya Marekani. Mimi sioni ajabu. Mtu aliyepoteza nchi, nyumba na cheo akiambiwa "hapa utakaa mpaka ustaafu," hatauliza sana umaarufu wa jengo.

Kusini hiyo ilikuwa na mambo yake. Mwaka 1960 wanafunzi weusi wa Nashville walipokuwa wakikaa kwenye kaunta za mikahawa ya wazungu tu, Vanderbilt ilimfukuza James Lawson, mwanafunzi wa theolojia aliyewafundisha namna ya kupinga bila kupiga mtu. Ni mwaka ule ule wa makala ya wakulima. Nimejiuliza kama Georgescu-Roegen alisema lolote. Katika maandishi yake yaliyochapishwa ambayo nimesoma, sijaliona.

Wanafunzi wake wameandika kwamba alikuwa mkali. Mmoja, Herman Daly, mtoto wa Houston, aliondoka hapa na shahada ya udaktari mwaka 1967, akafundisha Louisiana kwa miaka ishirini, kisha akaingia Benki ya Dunia, na ndiye aliyeeneza hoja ya uchumi usiokua milele. Mwingine alitoka Bangladesh, anaitwa Muhammad Yunus. Huyo alifundisha kidogo chuo cha Murfreesboro hapo jirani, akarudi kwao 1972, na habari za Benki yake ya Grameen, ya mikopo midogo kwa maskini, na Nobel ya Amani ya 2006 zinajulikana. Mkulima wa Romania, kwa njia ya mzunguko, ana mkono wake kwenye mikopo midogo ya akina mama wetu wa VICOBA, ingawa undugu huo si wa kuuvuta sana.

Jumanne, njiani

Tumeondoka saa kumi na moja alfajiri. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwalimu. Weka begi nyuma, mbele kaa wewe." Barabara ni I-40 moja kwa moja, kilomita mia nane na ushei.

Kabla ya Knoxville saa ilirukia mbele. Ukivuka mpaka fulani wa kaunti umeingia saa za Mashariki, dakika sitini zimekwenda hivi hivi. Muda mfupi baadaye mzee alinyoosha kidole kushoto. Mabomba ya moshi ya kituo cha umeme cha Kingston, mali ya TVA, shirika la serikali lililoundwa 1933 kuinua bonde la mto Tennessee. Kituo hiki kilipokamilika mwaka 1955 kilikuwa kikubwa kuliko vituo vyote vya makaa ya mawe duniani. Usiku wa tarehe 22 Desemba 2008 kingo za bwawa la majivu zilipasuka, na tope la majivu zaidi ya galoni bilioni moja likamwagika mtoni na juu ya viwanja vya watu. Baadhi ya waliosafisha waliugua, na kesi yao ilivutana mahakamani kwa miaka.

Nikamweleza mzee kwamba profesa ninayemfuata alisumbuliwa na jambo hili hili. Ukichoma kipande cha makaa, nishati haipotei, inabaki ile ile kwa kipimo. Lakini imesambaa hewani na huwezi kuikusanya ukachemshia maji tena. Kila kiwanda, kila jiko, kinaingiza kitu chenye mpangilio na kutoa majivu, moshi na joto lililotawanyika. Wachumi wenzake walichora uchumi wakiuzungusha duara: kaya zinanunua, makampuni yanalipa mishahara, fedha inarudi ilikotoka. Yeye akauliza: na majivu yako wapi kwenye mchoro?

Mzee alinyamaza kidogo. "Nyarugusu mwanzo kuni zilikuwa hapo tu," akasema. "Baadaye wanawake wanatoka asubuhi wanarudi jioni. Na wakienda mbali wanakutana na watu wabaya. Hiyo profesa wako ameandika?"

Nikasema hiyo hakuandika.

"Basi aandike mwingine."

Mpakani mwa Tennessee na Carolina Kaskazini barabara inapita kwenye korongo la mto Pigeon. Septemba 2024 mafuriko ya kimbunga Helene yalimega upande mzima wa barabara ukaangukia mtoni, na ilichukua hadi Machi 2025 kurudisha njia moja kila upande. Tulipita polepole sana. Mzee alizima redio bila kuambiwa.

Greensboro dada yake alituwekea ugali wa muhogo, sombe na samaki wakavu walionunuliwa duka la Waafrika. Nilipoinuka kuaga nikaongezewa sahani. Durham tumefika giza limeingia.

Jumatano, Durham

Kuna jambo la kulisema kuhusu mahali hapa kabla ya makaratasi. Duke ni fedha ya tumbaku. Washington Duke alirudi kutoka vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1865, akaanza kusaga na kufungasha tumbaku shambani kwake. Mwanawe James B. Duke akakumbatia mashine za kusokota sigara, akameza washindani karibu wote wa Marekani, na mwaka 1902 akawa mwenyekiti wa kwanza wa British American Tobacco, ile BAT iliyoingia Kenya mwaka 1907. Desemba 1924 alitoa dola milioni 40, na chuo kidogo cha Trinity kikabadilishwa jina kikaitwa Duke.

Majengo ya mawe ya kampasi ya magharibi, pamoja na kanisa lenye mnara unaoonekana mbali, yalichorwa na Julian Abele, msanifu mweusi wa Philadelphia. Chuo hakikupokea wanafunzi weusi wa shahada ya kwanza mpaka 1963. Abele alikuwa amefariki tangu 1950. Sasa uwanja wa kati una jina lake.

Maktaba ya Rubenstein ina utaratibu ambao ukiuzoea unaupenda. Unajiandikisha, begi unalifungia kabatini, kalamu ya wino hairuhusiwi, unabaki na penseli, kompyuta na simu ya kupigia picha bila mwanga. Maboksi unayaomba siku kadhaa kabla, kwa kuwa mengi yanakaa ghala la nje ya kampasi. Unaletewa boksi, unatoa faili moja tu kwa wakati, na unaweka karatasi ndefu ya alama pale ulipolitoa ili mpangilio usivurugike. Mkutubi aliniuliza kama nimewahi kushika nyaraka. Nikamwambia nimewahi, Dar es Salaam, kwenye Nyaraka za Taifa, pale Upanga. Akatabasamu akaniletea boksi la kwanza.

Kwa nini Durham na si Nashville? Duke walikuwa na jarida la historia ya fikra za uchumi tangu 1969, na walikuwa na walimu waliojua kwamba mchumi akifa familia yake hutupa makaratasi. Wakaanza kuyakusanya. Leo ndani ya hifadhi hii wamo Carl Menger wa Vienna, Oskar Morgenstern, Paul Samuelson, Kenneth Arrow, Franco Modigliani, Douglass North, Robert Solow, Robert Lucas. Ukihesabu Nobel zilizolala kwenye ghala lile utachoka. Georgescu-Roegen hakupata Nobel, na waliomjua wanasema jambo hilo lilimkera mpaka mwisho.

Barua ambazo hazijachapishwa zina wenyewe, kwa hiyo sitazinukuu humu. Naweza kusema zinavyoonekana. Nakala za kaboni ni karatasi nyembamba kama ngozi ya kitunguu, herufi zake zambarau au nyeusi zenye ukungu ukingoni. Ukiishika karibu na dirisha unaona vidole vyako upande wa pili. Ukigeuza moja unaisikia ikilia. Barua za mtaalamu wa aina yake ni mseto: mwaliko wa mkutano, malalamiko kwa mhariri, hesabu, salamu za mwaka mpya, na tena malalamiko kwa mhariri.

Alhamisi, Durham

Leo nimekaa kwenye kiti kutoka mlango ulipofunguliwa mpaka walipoanza kuzima taa, nikiwa na ile makala ya 1960 pembeni, safari hii nakala safi.

Hoja yake ni hii. Mwenye shamba la kibiashara anaajiri mtu wa ziada iwapo tu kile anachoongeza mtu huyo kinafikia mshahara wake. Kwenye nchi yenye watu wengi na ardhi kidogo, mtu wa mwisho anaongeza kidogo sana, pengine debe moja la mahindi kwa msimu. Hakuna atakayemwajiri. Kwa kitabu cha uchumi amekosa kazi, basi. Lakini kwenye shamba la familia hafukuzwi mtu. Mjomba, shangazi, mtoto aliyefeli darasa la saba, wote wanashika jembe, kila mmoja anaongeza debe lake, na chakula kinagawiwa mezani. Jumla ya mavuno inakuwa kubwa kuliko shamba la tajiri lenye ardhi ile ile. Kwa hiyo, akasema, ukiingia kwenye nchi kama hiyo na kuvunja utaratibu wa familia ili kuleta "ufanisi," utapunguza chakula. Na Wamarx kwake hawakupona: walitaka kumgeuza mkulima kibarua wa kiwanda cha nafaka, nao hawakuwa na nadharia ya mkulima.

Baadaye, katika miaka ya 1960, aliongeza jambo ambalo mtu yeyote aliyelima atalitambua. Kiwandani unaweza kupanga kazi foleni: kifaa kikitoka kwa huyu kinaingia kwa yule, mashine haikai bure. Shambani mvua inanyesha kwa wote siku moja. Urambo kila mtu anahamisha miche ya tumbaku wiki zile zile za mvua za kwanza, kila mtu anahitaji jembe siku ile ile, halafu majembe yote yanalala pamoja miezi kadhaa. Anayekuja na kusema wakulima ni wavivu kwa sababu miezi fulani hawana kazi hajaelewa kwamba jua halina zamu ya usiku.

Hapa ni lazima niseme habari za karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi wa kulima karanga Tanganyika, kule Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa, mengine yakiwa masalia ya vita. Udongo ulikuwa mgumu, mvua hazikufuata ratiba, na mwaka 1951 mradi ulifungwa baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Ardhi iliyofyekwa Urambo ndiyo iliyogeuzwa kuwa ya tumbaku. Georgescu-Roegen hakuutumia mfano huu katika makala ile. Mimi ndiye ninayeona kwamba angeutumia asingehitaji nusu ya hesabu zake.

Kitabu chake kikubwa kilitoka 1971, *The Entropy Law and the Economic Process*. Miaka mitano kabla, Samuelson alikuwa amemwandikia utangulizi wa mkusanyo wa makala, akimsifu kwa maneno ambayo wachumi hawapeani ovyo. Kitabu cha 1971 kilipokelewa kwa heshima na kuwekwa rafuni. Watu wa mazingira ndio waliokishika. Ninachoamini, na nikipata wasikilizaji nitakisema popote, ni kwamba wamekishika kwa mkia. Entropia yake ilitanguliwa na wakulima. Mtu aliyeanza na ng'ombe, samadi, mbegu na msimu alikuwa tayari anajua kwamba uzalishaji unatoka mahali na unaacha kitu nyuma, kabla hajafungua kitabu cha themodinamiki, fizikia ya joto na nishati. Ukimsoma kuanzia fizikia anaonekana nabii wa maangamizi. Ukimsoma kuanzia shamba ni mtu anayehesabu kuni.

Kisha Januari 1975, kwenye jarida la wachumi wa Kusini, *Southern Economic Journal*, akatoa makala yenye programu ya mambo manane. La kwanza: kupiga marufuku utengenezaji wa silaha zote. La pili: nchi maskini zisaidiwe kufika kwenye maisha mazuri, yasiyo ya anasa. Mengine yanahusu kuacha mitindo ya nguo, kutengeneza vitu vinavyodumu na kukarabatika, kuacha kutamani magari makubwa kupita kiasi. Katika orodha hiyo kuna mzaha nilioucheka kwa sauti, mpaka jirani akaniangalia: mtu anataka kunyoa ndevu haraka zaidi ili apate muda zaidi wa kubuni mashine ya kunyoa haraka zaidi, ili apate muda zaidi wa kubuni mashine nyingine ya haraka zaidi.

Lakini simkubali kila mahali. Jambo la tatu kwenye orodha linataka idadi ya watu duniani ipunguzwe hadi ile inayoweza kulishwa kwa kilimo cha asili pekee. Nani apungue, nani aamue, haelezi. Mtu wa chama cha wakulima alipaswa kujua kwamba maswali ya namna hiyo hutuangukia sisi. Na mwishoni mwa maisha alisisitiza kuwa maada nayo inachakaa kwa sheria ya aina yake, hata chuma na shaba havirudishiki kikamilifu. Alitaka iitwe sheria ya nne ya themodinamiki. Wanafizikia hawakuikubali, na nadhani wana haki: ukiwa na nishati ya kutosha kutoka juani, vipande vilivyotawanyika vinaweza kukusanywa, hata kama ni kwa gharama. Aligombana pia na Daly, mwanafunzi wake mwenyewe, akidai uchumi usiokua nao ni ndoto, kwa kuwa hata kusimama palepale kunakula akiba. Mkali kwa wageni, mkali kwa wa nyumbani.

Ijumaa, Durham

Siku fupi. Nimeomba maboksi machache ya mwisho, nimepiga picha, macho yanauma.

Jambo moja la kuchekesha: Robert Solow, ambaye Georgescu-Roegen alimshambulia kwa kuamini kwamba mtaji unaweza kujaza nafasi ya maliasili, makaratasi yake yapo kwenye hifadhi hii hii. Mwaka 1997 Daly aliufufua ugomvi huo kwa niaba ya mwalimu wake aliyekwisha kufariki, na Solow na Joseph Stiglitz wakajibu kwa ufupi uliowakera wengi. Ukitaka kuufuata ugomvi mzima huhitaji kupanda basi. Unajaza fomu mbili tu.

Yumo pia Calvin Hoover, profesa wa Duke kuanzia 1925, aliyekwenda kuuona uchumi wa Kisovieti kwa macho yake na kutoa kitabu 1931, akawa Ujerumani Hitler alipoingia madarakani na kutoa kingine 1933. Huyo anahitaji safari yake.

Jumamosi, Duke Homestead

Shamba la Washington Duke limehifadhiwa kama makumbusho, kaskazini mwa mji, na hakuna kiingilio. Nyumba ya mbao nyeupe, kiwanda kidogo, na bani la kukaushia tumbaku. Bani lenyewe ni magogo yaliyopangwa na kuzibwa udongo, na ndani fito juu kwa juu mpaka darini. Nje kuna tanuri. Joto linapita ndani kwenye mabomba ya bati na moshi unatolewa nje, jani lisiuguse. Ndiyo tumbaku ya mvuke. Chimbuko la njia hii ni Caswell, kaunti isiyo mbali na hapa, mwaka 1839, na aliyelianzisha ni kijana mtumwa aliyeitwa Stephen: alisinzia akiangalia moto wa bani, akaamka umekaribia kuzima, akatupia makaa ya tanuri la uhunzi, na majani yakatoka ya njano kama hayajawahi kuonekana. Utajiri wote huu, mpaka mnara wa kanisa, umepitia kwenye usingizi wa mtu ambaye hakulipwa.

Nikampigia baba. Hapa saa nne asubuhi, Urambo saa kumi na moja jioni, naye alikuwa kwenye bani lake, maana Aprili bado wanakausha.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Upo wapi?"

Nikamwonyesha kwa video. Alitazama kwa muda, akaniambia nisogee karibu na tanuri. "Hili linakula kuni kuliko langu," akasema. "Mdomo mkubwa mno." Akataka kujua sasa wanachomea mti gani. Nikamwambia sasa wakulima wa hapa wanakausha kwa gesi, mabani ya chuma. Akaguna.

Mama mwongozaji aliposikia Kiswahili alikuja kuuliza, na nilipomwambia baba yangu ni mkulima wa tumbaku alitueleza jambo ambalo nililitafsiri neno kwa neno. Tangu 1938 serikali yao iligawa mgao: bila mgao huuzi. Mwaka 2004 ikaufuta, na ikawalipa fidia: dola 7 kwa kila ratili ya mgao kwa aliyeumiliki, na dola 3 kwa aliyelima. Wengi wakachukua fedha wakaacha kilimo hicho.

Baba alinyamaza hadi nikadhani mtandao umekatika.

"Muulize," akasema, "kama bado wanaandikisha."